Sikukuu «yenye kulipwa»: inalipwa na nani, na kwa nani?

Kila mara sikukuu inapokaribia, radio zinasoma tangazo la serkali kwa maneno yale yale: kesho ni siku ya mapumziko yenye kulipwa katika inchi yote. Mwenye kontra anafurahi. Karani wa benki au mufanyakazi wa kampuni kubwa anajua kwamba atapumzika na mushahara wake hautapunguka. Lakini kuko watu wengine wanaosikia tangazo hilo hilo na kuanza kupiga hesabu ya unga. Hao ni vibarua, wale tunaowaita majurnalie. Wanalipwa kwa siku, na siku wasipoitwa hawapati kitu.

Kwao, siku hiyo «yenye kulipwa» ni siku ya kukosa kazi. Na katika inchi yetu, mutu aliyekosa kazi hana sanduku lolote la kumupa hata franka moja. Kwa hiyo tunasema wazi: kama serkali ndiyo inaamua kwamba siku fulani watu wasifanye kazi, sherti sheria iseme pia kibarua atapata nini siku hiyo, na siku hiyo iingie katika hesabu ya siku zake za kazi.

Tuanze na mwezi wa kwanza, maana ndio unaoumiza zaidi. Tarehe 1 Januari ni mwaka mupya. Tarehe 4 tunawakumbuka wafia uhuru wa mwaka 1959. Tarehe 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 17 ni ya Patrice Lumumba. Sikukuu nne ndani ya siku 17. Kisha inakuja tarehe 6 Aprili, siku ya Simon Kimbangu, iliyoongezwa mwaka 2023. Kuko pia 1 Mei, 17 Mei, 30 Juni, 1 Agosti na Noeli.

Kima cha chini cha mushahara kilichotangazwa na serkali mwaka 2025 kilikuwa franka 14.500 kwa siku, kutoka 7.075 iliyowekwa mwaka 2018. Vibarua wengi hawafikii hata hicho kima, lakini tukitumie kwa hesabu. Sikukuu nne za Januari ni franka 58.000 ambazo kibarua hazioni. Na huo ndio mwezi ambao watoto wanarudi masomoni, mwenye nyumba anagonga mulango, na madeni ya Noeli bado hayajalipwa.

Hatusemi sikukuu zifutwe. Inchi isiyokumbuka watu wake inapotea. Lakini tukumbuke vizuri. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mufalme wa Wabelgiji, Lumumba alitaja kazi nzito ambayo watu wetu walifanya kwa malipo yasiyotosha kuwashibisha. Miaka mingi imepita. Leo tunamukumbuka tarehe 17 Januari kwa kumunyima kibarua malipo ya siku nzima. Tukiwa wakweli, hiyo si heshima kwa Lumumba.

Vibarua tunaosema juu yao hawajifichi. Ni vijana wanaobeba mifuko ya sima kwenye shantie za Bunia na Beni. Ni wamama wanaochagua kahawa kwenye madepo ya Butembo. Ni wale wanaochuma majani ya chai, wanaopakua mashua kule Kalemie na Uvira, wanaofagia na kuchimba mifereji kwenye miradi ya barabara. Wengi hawafanyi kazi kila siku. Patroni anagawanya siku: leo kundi hili, kesho kundi lile. Mutu anapata siku mbili au tatu kwa juma. Sikukuu ikiangukia siku yake, zamu yake imepotea; haisukumwi kwenye siku ya kufuata, kwa sababu siku ya kufuata ni ya mwingine.

Sheria inasema nini? Code ya kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakubali kwamba mushahara unadaiwa pia kwa sikukuu za kisheria. Kwa mwenye kontra ya muda murefu, jambo ni rahisi. Kwa kibarua, patroni ana jibu tayari: «Kontra yako iliisha jana jioni. Leo hatuna neno na wewe.» Na kwa kufuata maandishi tu, anaweza kujitetea. Kontra ya kibarua inazaliwa asubuhi na kufa jioni. Sikukuu inaanguka katikati ya kontra mbili, mahali ambapo hakuna mutu anayedaiwa.

Kuko jambo lingine ambalo vibarua wengi hawalijui, nalo ni kubwa kupita malipo ya siku moja. Kifungu cha 40 cha Code hiyo kinasema kwamba mutu aliyeajiriwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na patroni akimuchukua tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, kontra yake mupya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hapo si kibarua tena. Ni mufanyakazi kamili: ana haki ya likizo, ya kupewa taarifa kabla ya kufukuzwa, na ya kuandikwa kwenye CNSS.

Siku 22 ndio mulango. Na makapita wengi wanajua kuulinda. Wanahesabu vizuri, na mutu akikaribia wanamwambia: «Pumzika kidogo, tutakuita.» Lakini hata pasipo ujanja wa kapita, sikukuu zenyewe zinafunga ule mulango. Tuchukue mama anayechagua kahawa siku tatu kwa juma. Kwa majuma nane, hizo ni siku 24. Amepita 22. Lakini sikukuu tatu zikiangukia siku zake, anabaki na 21. Hakukosa kazi kwa uvivu wala kwa ugonjwa. Serkali ndiyo iliyosema watu wapumzike. Na kwa sababu alitii, anabaki kibarua.

Basi sikukuu inamupiga mara mbili. Mara ya kwanza inamukatia chakula cha siku. Mara ya pili inamurudisha nyuma katika hesabu ambayo ingemutoa katika hali hiyo.

Wengine watauliza: je, hakuna musaada wa wasio na kazi? Hapa sherti tuseme ukweli. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, inayopanga ulinzi wa wafanyakazi, ina matawi matatu: ajali na magonjwa ya kazini, musaada wa familia, na pansion. Mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia, na patroni anaongeza 13 kwa mia. Katika hiyo 18 kwa mia, hakuna hata moja inayowekwa kwa mutu aliyepoteza kazi. Tuna pia ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, tangu mwaka 2002. Ofisi hiyo inaandika watafuta kazi na kuwaunganisha na mapatroni. Hailipi mutu kwa siku asizofanya kazi.

Tofauti na Ubelgiji inaonekana hapo. Huko kuko ofisi yenye jina lile lile, herufi kwa herufi: ONEM. Lakini ONEM ya kwao inasimamia musaada wa wasio na kazi, na wengi wetu tuna ndugu huko Bruxelles au Liège wanaoijua vizuri, hasa wale wanaofanya kazi za muda mufupi kwenye viwanda na madepo. Hatuleti Ubelgiji hapa kusudi tuige kila kitu. Tunaileta kwa sababu ilikutana na swali letu hili hili, na jibu lake ni lepesi kuliko watu wanavyofikiri.

Wabelgiji waliona kwamba mapatroni walikuwa na njia ya kukwepa: kumaliza kontra ya mutu siku moja kabla ya sikukuu, kisha kumurudisha siku ya kufuata. Sheria yao ya mwaka 1974 ikafunga njia hiyo. Mutu aliyefanya kazi kwa patroni mumoja kutoka siku 15 hadi mwezi mumoja, kontra ikiisha, patroni anamulipa bado sikukuu moja inayoanguka ndani ya siku 14 za kufuata. Akiwa amefanya zaidi ya mwezi mumoja, analipwa sikukuu zote zinazoanguka ndani ya siku 30. Kama amekwisha kupata kazi kwa patroni mwingine, deni hilo linaisha. Na kama yeye mwenyewe ndiye aliyeacha kazi, hawezi kulidai.

Na sanduku la wasio na kazi? Siku ambayo patroni anapashwa kuilipa, ONEM ya Ubelgiji haiilipi. Mutu hapati mara mbili. Lakini hakosi mara mbili pia. Siku kwa siku inajulikana nani mwenye deni: kama si patroni, ni sanduku. Hilo ndilo somo. Hata kama huko serkali imeanza kufupisha muda wa musaada huo, ile kanuni ya sikukuu imebaki: siku iliyofungwa kwa amri ya serkali haiwezi kukosa mwenye kuilipa.

Kwetu, siku ile haina mwenyewe. Patroni anasema si mimi. CNSS inasema si kazi yangu. Serkali imekwisha kusoma tangazo lake na kwenda kuweka mashada ya maua. Anayebaki na deni ni kibarua, na nyuma yake mwenye duka wa mutaa anayemukopesha unga.

Tunajua mapatroni watajibu nini, na majibu yao si ya bure. Barabara ni mbaya, taksi ni nyingi, vita vimekata soko. Kule Goma na Bukavu, tangu mwanzo wa mwaka 2025, mabanki yamefunga milango na feza ya kulipa watu inatafutwa kwa shida. Patroni mudogo anayejenga nyumba ya vyumba vitatu si kampuni ya migodi. Ukimulazimisha alipe sikukuu nzima kwa mutu aliyemufanyia kazi siku mbili tu, ataacha kuajiri, au ataajiri kwa kujificha zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza hesabu ndogo, ambayo hata kapita anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Chukua feza yote ambayo kibarua alipata kwa patroni huyo ndani ya majuma manne kabla ya sikukuu, uigawanye kwa 24. Kinachotoka ndicho malipo yake ya sikukuu. Aliyefanya siku zote 24 kwa franka 14.500 atapata 14.500, siku nzima. Aliyefanya siku 12 alipata franka 174.000, tukigawanya kwa 24, inatoka 7.250, nusu ya siku. Aliyefanya siku mbili atapata franka elfu moja na kitu. Hakuna patroni atakayefilisika kwa hesabu hiyo, na hakuna kibarua atakayesema alidanganywa. Kila mumoja analipwa kadiri ya jasho lake.

Kwa upande wa siku 22, haihitaji hata franka moja. Inatosha kuandika kwamba sikukuu iliyoangukia kati ya siku mbili za kazi kwa patroni mumoja inahesabiwa kama siku ya kazi. Mustari mumoja tu katika amri ya waziri wa kazi, au katika Code yenyewe siku itakaporekebishwa tena. Wabunge wetu wanaopenda kusema juu ya vijana wakati wa kampeni wana hapo kazi ya nusu siku.

Na serkali isingoje wabunge ili ianze kwake. Kuko miradi ya barabara, ya mifereji na ya kupanda miti inayolipa watu kwa siku, ile inayojulikana kwa jina la THIMO. Feza yake inatoka kwa serkali na kwa wafazili. Kabla ya kusaini, mutu yeyote anaweza kuongeza kifungu kimoja katika kontra ya mwenye kupewa kazi: vibarua watalipwa sikukuu kadiri ya siku walizofanya. Serkali inayotangaza siku «yenye kulipwa» haiwezi kuwa ya kwanza kutoilipa.

Sendika pia zijiulize. Kila tarehe 1 Mei tunaziona zikitembea na vitambaa na kofia mupya mbele ya gavana. Wanaotembea ni wenye kontra. Kibarua siku hiyo yuko nyumbani bila malipo, katika sikukuu inayoitwa ya wafanyakazi. Sendika ikitaka nguvu, isimame na watu hao, maana ndio wengi. Iwaandike hata kwa muchango mudogo, na iende nao kwa inspekta wa kazi.

Tunajua pia kwamba pendekezo letu haliwafikii wote. Mubebaji wa soko anayehudumia kila mutu mwenye muzigo, musukuma chukudu, mama muuza ndizi, hawa hawana patroni wa kudai. Kwao sikukuu inaweza kuwa hata siku nzuri ya kuuza, au siku mbaya kabisa kama maaskari wamefunga barabara kwa ajili ya defile. Na tukiongeza asubuhi za salongo na siku za ville morte, hesabu yao inakuwa nzito zaidi. Hilo ni swali lingine, linalohitaji ulinzi wa namna nyingine, na tutalirudilia. Lakini kushindwa kuwasaidia wote leo si sababu ya kuwaacha wale ambao patroni wao anajulikana kwa jina na kwa nyumba.

Wakati tunangojea, kibarua asikae mikono mitupu. Awe na kadaftari kadogo. Kila siku ya kazi aandike tarehe, mahali, jina la kapita na feza aliyopokea. Kama hajui kuandika, mutoto wake anajua. Wakiwa wawili au watatu kwenye shantie moja, washuhudiane. Siku 22 zikifika ndani ya miezi miwili na patroni akimuita tena, ana haki mukononi, na inspeksion ya kazi ya mukoa inapashwa kumusikiliza. Patroni naye anayesoma haya ajue kwamba kumusimamisha mutu siku ya 21 ili kumurudisha baadaye ni njia ya kukimbia sheria, na siku moja kutakuwa kadaftari mbele yake.

Kuanzisha sanduku la wasio na kazi katika Kongo ya leo ni kazi ya miaka mingi, na hatutaki kumudanganya mutu. Lakini hatua ya kwanza iko karibu, na haihitaji sanduku. Inahitaji kukubali jambo moja tu: siku ambayo dola imesimamisha kazi ni siku ya wote. Kama tumeamua pamoja kupumzika kwa kumukumbuka Lumumba, tuamue pamoja pia kwamba jioni ya siku hiyo, jikoni kwa kibarua, chungu kitakuwa motoni.